Uzito hupimwa kila mara, nguvu za miguu hazipimwi

Mgonjwa wa dayalisisi, yaani anayesafishwa damu kwa sababu figo zake zimeshindwa, akiingia kitengoni hupanda mizani kabla ya kuunganishwa na mashine. Hupimwa presha na joto, na fistula yake, yaani mshipa wa mkononi uliounganishwa na ateri ili sindano zichomwe hapo, huguswa ili kuhakikisha bado inatetema. Akimaliza hupanda mizani tena. Kila baada ya muda damu yake hupimwa hemoglobini, potasiamu, fosforasi na kalsiamu. Faili lake limejaa tarakimu, lakini katika vitengo vingi tarakimu moja haimo: mtu huyu anaweza kuinuka kitini mara ngapi bila kujishika? Hiyo ndiyo inayodokeza kama mwakani ataenda msalani peke yake au atashikwa mkono.

Kwa mtu anayesafishwa damu, mazoezi ni sehemu ya tiba. Yana dozi, yana saa yake na yana madhara yakitumiwa vibaya, kama dawa yoyote. Kumwambia mgonjwa "jitahidi kutembeatembea" kisha kumwacha aende zake ni sawa na kumwambia ameze vidonge bila kumtajia vingapi. Akishindwa huitwa mvivu, na lawama hiyo si ya haki.

Misuli ya mgonjwa wa figo huliwa kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Figo zikishindwa kazi, asidi hujikusanya kwenye damu na kuufanya mwili ubomoe protini ya misuli yake wenyewe. Hiyo ni sababu mojawapo ya madaktari kutaka bikaboneti, kemikali inayopunguza asidi kwenye damu, isishuke chini ya 22 mmol/L kabla ya kikao. Mchochota wa muda mrefu, usioonekana kwa macho, hufanya kazi hiyohiyo ya kubomoa. Insulini huwa dhaifu ndani ya misuli, na hamu ya chakula hupungua. Juu ya hayo, kila kikao cha mashine huondoka na takriban gramu 6 hadi 12 za asidi amino, malighafi ya protini, kwa sababu chujio halichagui: chochote kidogo kinachotosha kwenye matundu yake hupita. Wanaotumia dayalisisi ya tumbo, ambapo maji maalumu hujazwa tumboni kisha hutolewa, hupoteza protini yenyewe kila siku katika maji wanayoyatoa.

Halafu kuna kiti. Saa 4, mara 3 kwa wiki, ni saa 12. Kwa mwaka ni saa 624 za kukaa, kabla ya kuhesabu safari, kusubiri zamu na kulala kwa uchovu baada ya kurudi nyumbani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliwavalisha watu vifaa vya kupima mwendo, ukakuta wagonjwa wa dayalisisi wanajongea pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko watu wenye afya ambao nao hawakuwa na desturi ya mazoezi. Yaani walilinganishwa na watu wa kukaa, na bado wakaachwa nyuma.

Dawa ya erithropoietini, inayochochea mwili kutengeneza damu, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1989, matumaini yalikuwa kwamba hemoglobini ikipanda nguvu zitarudi. Zilirudi kwa kiasi. Haja ya kuongezewa damu ilipungua na kuhema kukapungua, lakini uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni ulibaki chini mno ukilinganisha na wa watu wa rika moja. Damu ilikuwa imeanza kufikisha oksijeni ya kutosha; misuli ya kuipokea ndiyo iliyokuwa imekwisha. Kwa hiyo mgonjwa anayelalamika hana nguvu ilhali hemoglobini yake ni 11 g/dL asijibiwe kwamba vipimo vyake ni vizuri. Vipimo hivyo havikuangalia kilichoharibika.

Mizani inavyodanganya

Uzito mkavu ni ule ambao mtu anatakiwa kubaki nao maji ya ziada yakishatolewa. Ndio unaoielekeza mashine ivute kiasi gani. Tatizo ni kwamba mizani haijui tofauti ya kilo moja ya msuli na kilo moja ya maji. Tuchukue mtu ambaye uzito mkavu wake umeandikwa kilo 60. Akipoteza kilo 2 za misuli taratibu ndani ya miezi michache, na kitengo kikaendelea kumwacha kwenye 60, mtu huyo sasa anatembea na lita 2 za maji zisizo na kazi. Presha yake itapanda, atapumua kwa shida akilala chali, na moyo utazidi kutanuka. Mizani itasema kila kitu kiko vilevile.

Kinyume chake hutokea pia, na huwashtua hata wahudumu. Mtu akianza mazoezi na kula vizuri, misuli huongezeka. Uzito mkavu wa zamani ukibaki, mashine itavuta maji ambayo mwili unayahitaji. Ataanza kukakamaa misuli mwishoni mwa kikao, presha itashuka, naye atasema mazoezi yamemdhuru. Yaliyomdhuru ni makadirio yaliyopitwa na wakati. Yeyote anayeanza programu ya mazoezi anapaswa kuchunguzwa upya uzito mkavu baada ya wiki 4 hadi 6, na tena akifika miezi 3.

Ushahidi, na mipaka yake

Tafiti za kufuatilia wagonjwa zimesema kwa miaka mingi kwamba wanaofanya mazoezi huishi zaidi. Uchunguzi mkubwa wa nchi 12 uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta waliofanya mazoezi angalau mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kifo ndogo kwa asilimia 27. Takwimu hiyo hunukuliwa mno, na inafaa kusomwa kwa uangalifu: mtu aliye hoi hafanyi mazoezi, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo ni ugonjwa wenyewe. Hakuna jaribio la kupanga watu kwa bahati nasibu lililothibitisha kwamba mazoezi hurefusha maisha ya watu wa dayalisisi. Anayewaahidi hivyo anazidisha.

Kilichothibitishwa ni kitu kingine, na kwa maoni yetu kinatosha. Jaribio la EXCITE la Italia, lililochapishwa mwaka 2017, liliwapa wagonjwa programu ya kutembea nyumbani: dakika 10, mara mbili kwa siku, katika siku zisizo za dayalisisi, kwa kasi iliyopangwa kulingana na uwezo wa kila mmoja. Baada ya miezi 6 umbali waliotembea kwa dakika 6 ulipanda kutoka mita 328 hadi 367. Wasiopewa programu walitoka 321 hadi 324. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Jaribio la DiaTT, lililotolewa mwaka 2023, lilichambua watu 917 katika vitengo 21, wakifanya mazoezi ya ustahimilivu na ya nguvu wakiwa kwenye mashine kwa mwaka mzima. Idadi ya kuinuka kitini ndani ya sekunde 60 iliongezeka kutoka 16.2 hadi 19.2, huku kwa wenzao ikishuka kutoka 16.2 hadi 14.7. Siku za kulazwa, kwa kuchukua mtu wa katikati, zilikuwa 2 dhidi ya 5.

Ile ya 14.7 isipitwe haraka. Wale ambao hawakufanyiwa chochote hawakubaki pale walipokuwa. Walishuka. Kutofanya mazoezi ni uamuzi wenye gharama, hata kama hakuna aliyeutia sahihi.

Upande wa pili, jaribio la PEDAL la Uingereza, la mwaka 2021, halikuona nafuu katika alama za ubora wa maisha baada ya miezi 6 ya kuendesha pedali. Wengine wameshika matokeo hayo kufunga mjadala. Lakini washiriki hawakufikia hata nusu ya vikao vilivyopangwa, na dozi isiyomezwa haiponyi. Mwaka huohuo, pia Uingereza, jaribio la CYCLE-HD lilionyesha kwamba kuendesha pedali dakika 30 wakati wa dayalisisi kulipunguza uzito wa ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, kwa takriban gramu 11. Ukiyaweka pamoja, swali linalobaki kwetu si kama mazoezi yanafaa. Swali ni nani atahakikisha yanafanyika.

Kuanzia kwenye kiti

Kipimo cha kuanzia hakihitaji mashine. Tafuta kiti kigumu kisicho na sehemu za kuwekea mikono, chenye kimo cha sentimita 43 hadi 46, na ukiegemeze ukutani kisiteleze. Mgonjwa akunje mikono kifuani, ainuke hadi magoti yanyooke kabisa, akae, arudie kwa sekunde 60. Hesabu mara alizosimama wima, si zile za kuinuka nusu. Mtu mmoja asimame karibu. Kipimo hiki kifanyike kabla ya kikao, kamwe kisifanyike baada yake, na kirudiwe katika siku ileile ya wiki ili matokeo yalinganishike. Asiyeweza dakika nzima apimwe muda wa kuinuka mara 5: ukizidi sekunde 15, misuli yake ni dhaifu kwa vigezo vya Ulaya vya mwaka 2019. Asiyeweza kuinuka hata mara moja bila mikono naye amepata jibu lake, na ndiye anayehitaji mazoezi kuliko wote. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2005 ilishauri uwezo wa mwili wa mgonjwa wa dayalisisi utathminiwe angalau kila miezi 6. Dakika moja kila baada ya miezi 6, na bado haifanyiki.

Dozi hutokana na kipimo. Aliyeinuka mara 12 aanze na 6, apumzike dakika 1 au 2, arudie 6, siku 3 kwa wiki. Kila wiki aongeze kuinuka kumoja. Ahesabu polepole anaposhuka, sekunde 3 hivi, kwa sababu kushuka taratibu ndiko kunakojenga paja. Kujiangusha kitini hakujengi chochote na huumiza mgongo. Aongeze kuinuka kwa ncha za vidole vya miguu akiwa ameshika meza, mara 8 hadi 10, na kusukuma ukuta kwa mikono kama fistula yake imepona na imekomaa. Kutembea kuanze na dakika 5 hadi 10, kisha dakika 1 au 2 ziongezwe kadiri mwili unavyozoea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki kwa watu wazima. Tarakimu hiyo si mahali pa kuanzia mtu wa dayalisisi. Ikitajwa siku ya kwanza humkatisha tamaa, ilhali kutoka sifuri hadi dakika 40 kwa wiki ni hatua kubwa.

Ukali wa zoezi usipimwe kwa mapigo ya moyo peke yake. Wagonjwa wengi hutumia dawa za presha za kundi la vizuia-beta, ambazo huzuia mapigo kupanda hata mwili unapochoka, na neva za moyo wa mwenye kisukari cha muda mrefu huenda zisiitikie. Kipimo kinachofaa ni maneno: anaweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba. Kwenye kipimo cha Borg cha 6 hadi 20, ambacho mtu hujikadiria mwenyewe ugumu wa zoezi, hapo ni 11 hadi 13.

Kwenye mashine, muda mwafaka ni saa 2 za kwanza. Baadaye maji mengi yameshavutwa, damu inayozunguka imepungua, na misuli inayofanya kazi ikidai damu yake presha inaweza kuporomoka. Mlo mkubwa huvuta damu kwenda tumboni kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo kula na pedali visikutane. Pedali ifungwe imara mbele ya kiti. Dakika 5 za kwanza ziwe nyepesi, na lengo la baadaye ni dakika 30. Pasipo na pedali, mgonjwa anaweza kunyoosha goti akiwa na uzito wa nusu kilo hadi kilo moja kifundoni, kubana mpira kati ya magoti kwa sekunde 5, au kusukuma bendi ya mpira kwa nyayo. Mkono wenye sindano usihusike hata kidogo. Mwenye katheta (mrija wa dayalisisi) ya kinenani hafanyi zoezi lolote la kukunja nyonga. Mwenye katheta ya shingoni au kifuani anaweza kutumia miguu.

Yanayoharibika na kwa nini

Kuna siku za kutofanya. Mtu mwenye homa, maumivu ya kifua, au anayehema akilala, apumzike na aonwe. Baadhi ya vitengo huzuia mazoezi namba ya juu ya presha ikizidi 180 au ikiwa chini ya 100, na pale uzito ulioongezeka kati ya vikao unapozidi asilimia 4 ya uzito mkavu, ambayo kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 2.4. Aliyekosa kikao asifanye mazoezi mpaka asafishwe. Msuli unaofanya kazi hutoa potasiamu kwenye damu, na mtu ambaye potasiamu yake iko juu tayari anaweza kupata mapigo yasiyo ya kawaida. Pengo refu la siku 2 mwishoni mwa wiki lina hatari yake: utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulionyesha vifo na kulazwa hospitalini huongezeka siku inayofuata pengo hilo. Siku ya mwisho ya pengo, matembezi mepesi yanatosha.

Uchovu baada ya kikao ni wa kweli, na kumlazimisha mtu jioni hiyo ni kosa. Akae wima dakika 5 kabla ya kusimama, presha ipimwe akiwa amesimama, kwa sababu wengi huanguka pale penye mlango. Siku hiyo mkono wenye fistula usibebe mzigo, maana matundu ya sindano ni mabichi na dawa ya kuzuia damu kuganda bado inafanya kazi. Siku nyingine mkono huo utumike. Hofu ya kuutumia kabisa imewaacha wengi na mkono mwembamba bila sababu. Kinachokatazwa ni kufungwa chochote kinachobana, na kutundika mfuko kwenye kiwiko. Fistula mpya, jeraha likishapona na daktari akaruhusu, husaidiwa na kubanabana mpira laini mara kadhaa kwa siku. Mtetemo ukipotea wakati wowote, hiyo ni dharura.

Kwa dayalisisi ya tumbo, hatari iko ndani ya tumbo. Maji ya lita 2 huongeza shinikizo, na kunyanyua kizito au kujikunja tumbo huku ukibana pumzi kunaweza kuleta ngiri au kuvujisha maji kandokando ya katheta. Wiki za mwanzo baada ya kuwekewa katheta ni za kutembea tu. Baadaye, maji yatolewe kwanza kabla ya zoezi zito, na pumzi itoke wakati wa kunyanyua.

Mwenye kisukari akumbuke kwamba figo ndizo zilizokuwa zikisaidia kuondoa insulini. Sasa dozi ileile hudumu muda mrefu, na sukari inaweza kushuka saa kadhaa baada ya zoezi. Anayetumia insulini, sukari ikiwa chini ya 5.0 mmol/L, ale kitu kwanza. Dawa ya kushuka kwa sukari iwe glukosi, si juisi ya machungwa, ambayo imejaa potasiamu. Miguu yenye ganzi ikaguliwe kila jioni. Mwenye homoni ya paradundumio (tezi ndogo za shingoni zinazodhibiti kalsiamu) iliyopanda kwa miaka mingi asirukeruke wala kuchuchumaa ghafla, kwani kano ya paja inaweza kukatika.

Maumivu ya misuli siku ya pili ni ya kawaida. Ayatulize kwa parasetamoli, si ibuprofeni wala diklofenaki, ambazo hudhuru tumbo na kumaliza mkojo mdogo uliobaki. Poda za kujenga mwili na vinywaji vya wanamichezo mara nyingi vina potasiamu, sodiamu au fosforasi. Asiviguse bila mtaalamu wa lishe. Protini itoke kwenye chakula, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, bila hiyo mazoezi hayana cha kujengea. Na ushauri wa kunywa maji kwa wingi kabla ya zoezi haumhusu mtu asiyekojoa. Asukutue mdomo, anywe kwa mafunda ndani ya kiwango chake.

Haya yote yanamhitaji mtu mwenye jina lake kwenye ratiba. Muuguzi anayehudumia mashine kadhaa hawezi pia kufunga pedali na kuhesabu dakika, na kumtwisha kazi hiyo bila kumpunguzia nyingine ndiko kunakoua programu nyingi zikiwa na miezi mitatu tu. Mtaalamu wa fiziotherapia hata kwa saa chache kwa wiki, wa kupima, kuandika dozi na kuwafundisha wahudumu, anabadili hali. Familia nayo ielezwe. Upendo unaomletea mgonjwa kila kitu kitandani humaliza mapaja yake.

Aliyelazwa kwa maambukizi au upasuaji hupoteza msuli ndani ya siku chache. Akirudi, asirejeshwe moja kwa moja kwenye uzito mkavu ulioandikwa kabla hajaugua, wala kwenye dozi yake ya zamani. Apimwe kiti upya, aanze na nusu ya alichokuwa akifanya, na uzito mkavu ukaguliwe katika kila kikao cha wiki mbili za kwanza.